Mstari wa mbele haumfai kila mtoto mwenye uoni hafifu

Mama mmoja alinipigia simu akiwa tayari ameketi ukumbini, katika bustani moja ya burudani huku Florida. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini. "Dada, tumeomba mbele, tumepewa mbele kabisa. Sasa mtoto anasema haoni kitu. Nifanye nini?"

Binti yake ninamfahamu, ana miaka minane. Ana ugonjwa wa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, unaokula uoni wa pembeni, kwa hiyo anaona katikati tu. Nikamwambia mama: "Mrudishe nyuma. Safu ya kumi, ya kumi na mbili, popote penye nafasi katikati." Alisita, na ninaelewa kwa nini. Alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu akiipigania nafasi ile, na sasa anaambiwa aiache. Lakini walihama. Jioni akanitumia ujumbe wa sauti, na nyuma ya sauti yake nilimsikia binti akimsimulia baba yake nguo za wachezaji, rangi moja baada ya nyingine.

Kazi yangu ni kuwafundisha watoto wenye uoni hafifu kuutumia vizuri uoni walio nao. Ninaishi Orlando, na familia za Kiswahili zinazokuja likizo kutoka majimbo mengine huniuliza mambo mengi: tiketi, foleni, joto. Suala la kiti huachwa mwisho. Wengi wanaamini jibu wanalo: haoni vizuri, basi akae mbele. Kwa watoto wengi ni kweli. Kwa baadhi yao ni kosa linaloharibu siku nzima.

Tuanze na wale ambao mbele panawafaa. Mtoto mwenye uoni wa 6/60 (hapa Marekani wanahesabu kwa futi, wanaandika 20/200) lazima asogee hadi mita 6 kuona kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60. Kwake yeye ukaribu ni kikuzaji. Ukipunguza umbali kwa nusu, kitu kinakuwa kikubwa maradufu machoni. Ukimtoa mita 20 ukamweka mita 5, uso wa mwigizaji umekua mara nne, na hujanunua lenzi yoyote.

Sasa mchukue yule binti. Upana wake wa kuona ni pembe ya kama nyuzi 10. Akiwa mita 5 kutoka jukwaani, kipande anachokiona kwa mara moja hakifiki hata mita 1. Anaona kifua cha mchezaji mmoja. Mchezaji akiruka, ameshapotea. Akiwa mita 20, kipande kile kile kinakuwa na upana wa takriban mita 3 na nusu, na sasa watu watatu wanaocheza pamoja wanaingia ndani yake. Viringisha karatasi iwe kama bomba, funga jicho moja, kisha chungulia sebuleni kwako: kwanza ukiwa hatua mbili kutoka kwenye televisheni, halafu ukiwa mwisho wa chumba. Wazazi wengi wakishafanya hivyo hawahitaji maelezo yangu tena.

Kuna mtoto mwingine ninayependa kumtaja, kwa sababu watoto wa aina yake ni wengi katika familia zetu: mwenye ualbino. Pamoja na uoni hafifu na macho yasiyovumilia mwanga mkali, macho yake huchezacheza. Mara nyingi kuna upande mmoja ambao macho yakielekea huko hutulia, na hapo ndipo anapoona vizuri zaidi. Kijana mmoja ninayemfundisha hugeuza uso kulia kila anapotazama ubao. Shuleni waliwahi kumwambia akae sawasawa, aache utundu. Haukuwa utundu. Akigeuza uso kulia, macho yanabaki yameelekea kushoto, na kushoto ndiko yanakotulia. Mtoto kama huyu usimweke katikati ya ukumbi. Mweke upande wa kulia unapolitazama jukwaa, karibu na mbele, ili jukwaa liwe kushoto kwake. Atatazama onyesho zima bila kukunja shingo. Na kama ukumbi uko wazi, angalia kwanza jua liko wapi saa ya onyesho. Kiti kinachomfanya alipe jua mgongo kina thamani kuliko safu mbili za ukaribu. Kofia yenye ukingo na miwani ya rangi avae hata ndani, taa za jukwaani ni kali.

Mtoto aliyepoteza uoni wa katikati hutazama pembeni ya kitu ili akione. Akae karibu, na usimwambie "tazama mbele". Na yupo ambaye macho yake ni mazima ila ubongo ndio unaopata shida kuchambua picha. Huyo huchoshwa na msongamano na kelele kuliko umbali. Mtafutie mwisho wa safu karibu na njia, asizungukwe na vichwa, na muwe tayari kutoka.

Sasa kuomba. Ukifika mlangoni ukasema tu "mwanangu ni mlemavu," mhudumu mwenye nia njema kabisa anaweza kuwaongoza hadi safu ya viti vya magurudumu, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Katika kumbi nyingi ambazo watu huingilia juu, safu hiyo iko juu kabisa, nyuma ya wote. Familia moja ilikaa huko onyesho zima na mtoto wa 6/60, wakidhani ndipo sheria inapowaweka.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu haisemi kwamba mtoto asiyeona vizuri apewe safu fulani. Inachosema ni kwamba maeneo ya burudani yarekebishe taratibu zao kwa kiasi kinachowezekana ili mtu huyo naye afaidi huduma kama wengine, na wasimtoze zaidi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo omba kitu mahususi. Nenda asubuhi kwenye ofisi ya huduma kwa wageni, taja onyesho na saa, kisha fika ukumbini mapema, dakika 30 au zaidi, uongee na mhudumu kabla watu hawajaanza kusukumana. Sema sentensi mbili tu: anaonaje, na anahitaji kiti gani. "Anaona karibu tu, tunaomba safu tatu za kwanza upande wa kulia." Jina la ugonjwa kwa Kilatini halimsaidii mhudumu. Kama mtoto hutumia fimbo nyeupe, aje nayo hata kama siku hiyo anajiona yuko vizuri. Itamweleza mhudumu mengi kabla hujafungua mdomo, na ngazi za ukumbini mara nyingi hazina alama ya rangi kwenye kingo.

Ukumbi ninaopenda kuanzia na watoto ni ule wa Harambe, kijiji cha kuigiza ndani ya bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom. Onyesho lake la nyimbo na ngoma, Festival of the Lion King, lilianza mwaka 1998 bustani ilipofunguliwa, likahamia Harambe mwaka 2014. Kijiji chenyewe kimejengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu, na watoto wetu hufurahi kusikia Simba na Rafiki, majina ya wahusika ambayo nyumbani ni maneno ya kawaida. Jukwaa liko katikati, watazamaji wamekaa pande nne: Tembo, Twiga, Simba na Ngiri. Kabla ya kuanza, kila upande hufundishwa kutoa sauti ya mnyama wake. Kwa mtoto asiyeona kabisa, hapo ukumbi unachorwa masikioni. Muulize, "Simba wako wapi?" Atanyoosha kidole. Tangu dakika hiyo anajua chumba kina ukubwa gani na yeye yuko wapi ndani yake.

Hapa hakuna "mbele" moja, na hiyo ni nafuu. Binti yule nilikwenda naye mwenyewe. Tulikaa juu kiasi, katikati ya upande wetu, taa zikiwa bado zinawaka, maana ugonjwa wake huondoa pia uoni wa gizani. Nilimwambia apitishe macho polepole kutoka kushoto kwenda kulia hadi ayapate magari manne ya mapambo, moja moja, akariri yalipo. Walipotokea wale wanasarakasi wanaojirusha kama nyani, alianza kuwafukuza kwa macho, akawapoteza, akakunja uso. Nikamnong'oneza: "Usiwafuate. Shika mlingoti mmoja tu, wao watapita." Akatulia kwenye ule mlingoti. Kila aliyepita hapo alimwona mzima, mikono hadi miguu. Mchezaji wa moto alipoingia na taa kupungua, sikusema neno. Moto gizani hauhitaji mkalimani.

Darubini ndogo ya mkononi inasaidia, lakini si kwa kila mtoto wala kila tukio. Inakuza na wakati huo huo inabana upana, hivyo kwa binti yule ni adui. Kwa mtoto wa 6/60 aliyekosa kiti cha karibu ni mkombozi, mradi ameizoea nyumbani. Viti vya mbele vya maonyesho ya majini hulowa, basi linda vifaa vyote vya umeme. Bustani za Disney za Florida zina kifaa cha mkononi chenye maelezo ya sauti: unaweka amana ya dola 25, unarudishiwa ukikirudisha siku ile ile. Hakifanyi kazi kila mahali, kwa hiyo uliza kwa kutaja jina la onyesho lenu. Pale kisipofanya kazi, sauti ya mzazi inatosha. Nong'ona kwenye mapengo kati ya nyimbo, sema nani ameingia na kutoka upande gani, halafu nyamaza mtoto asikie.

Onyesho likiisha, msiinuke. Watu wanashuka kwa kasi, na mtoto aliyetoka gizani anahitaji dakika kadhaa macho yazoee mwanga wa nje. Sisi tulibaki kwenye benchi hadi ukumbi ukabaki mtupu. Binti akaomba ashuke aguse ukingo wa jukwaa. Nikamwuliza mhudumu, akatusindikiza.