Mafuta ya Mgando Hayaongezi Maji Katika Ngozi
Kiangazi kinapokausha hewa ya Tabora, wengi hujipaka mafuta ya mgando kwa imani ya siku nyingi kwamba hulisha ngozi na kuirudishia maji. Mafuta hayo hayana maji hata tone. Kazi yake, ambayo huifanya vizuri mno, ni kuzuia maji yaliyomo ndani ya ngozi yasipotee hewani. Yakipakwa juu ya ngozi iliyopauka huondoa weupe papo hapo, jambo ambalo, nadhani, ndilo lililozaa imani hii, lakini hufaa zaidi yakipakwa mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Gliserini, ambayo yenyewe huvuta maji, hupakwa kabla yake.