Kupima antioksidanti kwenye damu: maswali ya Moshi

Kuna kipimo kimoja cha antioksidanti zote, yaani kemikali zinazokinga chembe za mwili zisiharibiwe na oksijeni?
Kinachodai hivyo kipo: FRAP, cha watafiti Benzie na Strain, 1996. Plazma (majimaji ya damu bila chembe) huchanganywa na kemikali yenye chuma (Fe³⁺) kwenye pH 3.6. Antioksidanti zikikigeuza kuwa Fe²⁺, rangi ya buluu hutokea, nayo husomwa kwenye nanomita 593. Ila zaidi ya nusu ya buluu hiyo kwa kawaida ni asidi ya yuriki, taka ambayo nyama na pombe huiongeza na figo huitoa. Aliyeshinda kwenye nyama choma na mbege anaweza kumzidi mla mchicha na mapera! Mgonjwa wa figo naye hupata namba kubwa, na si dalili njema. Isitoshe, glutathioni, antioksidanti ya ndani ya chembe, haionekani humo. Kwa hiyo ukipewa FRAP, omba na kipimo cha yuriki.

Basi nipime nini?
Kimoja kimoja. Vitamini C ikiwa chini ya 11 µmol/L kwenye plazma, huo ni upungufu. Vitamini E husafiri na mafuta ya damu, hivyo isomwe pamoja na kolesteroli. Ukiisoma peke yake, mwenye mafuta mengi ataonekana ameshiba vitamini.

Damu imetolewa Rombo asubuhi, imefika Moshi mchana. Vitamini C ni karibu sifuri. Kweli?
Usiiamini. Vitamini C huharibika kwa joto, mwanga na hewa. Zungusha damu kwenye sentrifuji ya baridi kulekule ilikotolewa, mapema. Changanya plazma na asidi ya metafosforiki ya 10% kwa ujazo sawa, zungusha tena kuondoa protini, kisha gandisha kwa -80°C. Barafu peke yake bila asidi haitoshi. Umeme ukikatika na sampuli ikayeyuka, iandikwe. Kuigandisha upya kimyakimya ni kudanganya matokeo.

Kofia ya chupa ina maana?
Sana. Ya zambarau ina EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, ambayo hushika chuma na kuvuruga FRAP. Tumia ya kijani, yenye heparini, ambayo nayo huzuia kuganda. Plazma ikiwa nyekundu, chembe nyekundu za damu zimepasuka: glutathioni, ambayo imejaa ndani ya chembe hizo, itapanda kwa uongo. Mara nyingi chanzo ni sindano nyembamba au kuvuta kwa nguvu.

Na nikipima nyama ya ini badala ya damu?
Ioshe kwanza kwa salini (maji ya chumvi) baridi, la sivyo utapima damu iliyobaki ndani. Saga miligramu 100 kwenye mililita 1 ya bafa (kimiminika kinachotuliza pH) juu ya barafu, na jibu liandikwe kwa kila miligramu ya protini.