Wazo Halina Hataza: Tuitazame Saketi ya Ralph Baer

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja karakanani kwangu na bahasha iliyozibwa kwa gundi. "Shikamoo mhandisi," akasema, "humu ndani kuna wazo. Nataka hataza kabla hawajaniibia." Hataza (patent) ni haki ya kisheria ya mvumbuzi kuwazuia wengine kuiga uvumbuzi wake. Nikamwambia afungue nione mchoro. Mchoro haukuwemo, mlikuwa na sentensi mbili tu. Nilipomweleza kuwa sentensi mbili haziombewi hataza, akanipa jibu ambalo nimelisikia mpaka nimechoka: "Mbona yule Mmarekani, Ralph Baer, aliwaza tu kwamba runinga inaweza kuchezewa mchezo, akapewa hataza na makampuni yakalipa?"

Hapana. Aliwaza tu mwaka 1951, na hakupata kitu.

Baer alizaliwa Ujerumani mwaka 1922. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, ikakimbilia Marekani mwaka 1938. Huko alisomea ufundi redio kwa masomo ya posta, akatengeneza redio za watu kabla ya kwenda jeshini. Mwaka 1949 akahitimu uhandisi wa runinga mjini Chicago. Miaka miwili baadaye, akiwa kwenye kampuni ya Loral, alipewa kazi ya kuunda runinga bora, akapendekeza waweke na mchezo ndani. Mkuu wake akakataa. Basi, wazo likalala miaka 15. Kama hataza ingekuwa ya wazo, hadithi ingeanzia hapo. Lakini hakuna mtu aliyeandika wala kuunda chochote, kwa hiyo hapakuwa na cha kulinda.

Agosti 1966 Baer alikuwa Sanders Associates, kampuni ya elektroniki za kijeshi huko Nashua, New Hampshire. Akiwa safarini New York, amekaa nje ya kituo cha mabasi akimsubiri mwenzake, aliandika vidokezo vya wazo lake la mchezo wa kwenye runinga. Tarehe 1 Septemba akavigeuza kuwa kurasa nne. Hata hizo kurasa nne bado hazikuwa hataza. Hataza ilitokana na kazi iliyofuata, na hapa naomba mvumilie, maana hili ndilo linalorukwa na kila anayesimulia.

Runinga ya zamani huchora picha mstari kwa mstari. Zetu za zamani, za mfumo wa PAL, zilichora mistari 15,625 kwa sekunde. Zile za Marekani zilikuwa karibu 15,750. Mwale wa elektroni unaochora picha unasafiri kwa njia yake, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, na huwezi kuuambia ukatishe kona. Sasa utawekaje kijidoa cheupe mahali unapotaka? Jibu ni kusubiri. Kila mstari unaanza kwa palsi ya sinki, yaani mshtuko mfupi wa umeme unaoiambia runinga ianze mstari mpya. Chukua palsi hiyo, icheleweshe kidogo, tuseme mikrosekunde 20 kati ya 64 za mstari mzima, halafu washa mwanga kwa kitambo kifupi. Umepata mchirizi wa wima. Fanya vivyo hivyo kwa palsi ya wima, ile inayoanzisha picha nzima upya kutoka juu, upate mchirizi wa kulala. Kisha weka dayodi chache zinazoruhusu mwanga pale tu michirizi miwili inapokutana. Hicho ndicho kijidoa. Muda wa kuchelewa unaamuliwa na kipinzani cha kuzungusha, kile mafundi tunachokiita volyumu. Zungusha, doa linatembea. Zungusha cha pili, linapanda na kushuka.

Hakuna kompyuta humo, wala memori, wala programu. Ni transista na dayodi, na mawimbi yanayoingia kwa njia ya antena kwenye runinga ya kawaida isiyofunguliwa hata skrubu. Nilipoielewa saketi hii kwa mara ya kwanza nilisimama nikatembea ukumbini. Mpaka leo nikiwachorea wanafunzi ubaoni huwa nahisi vilevile.

Ombi la kwanza liliwasilishwa mwaka 1968. Magnavox, kampuni ya Marekani ya kutengeneza runinga, walinunua leseni, wakauza mashine kwa jina la Odyssey mwaka 1972, na hataza namba 3,728,480 ikatolewa Aprili 1973. Katika hati ya hataza, kipande chenye nguvu ya sheria ni madai, yale maelezo yenye namba mwishoni. Kichwa cha hati hakilindi kitu, na michoro peke yake hailindi kitu. Dai linasema: kifaa chenye hiki, kilichounganishwa na kile, kwa namna hii. Ukitengeneza mchezo kwa njia ambayo haimo ndani ya madai, kwa kawaida mwenye hataza hana la kukufanya, hata kama wazo lilimjia yeye miaka 20 kabla yako. Vijana wangu, nawasihi, someni madai kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Ona kesi ya Nintendo, kampuni ya michezo ya video ya Japani. Miaka ya 1980 walitaka kuziangusha hataza hizi, wakamleta William Higinbotham, mwanafizikia aliyewaonesha wageni wa maabara ya Brookhaven mchezo wa tenisi mwaka 1958. Miaka minane kabla ya zile kurasa nne! Kwa mantiki ya bahasha yenye gundi, Baer amekwisha. Nintendo wakashindwa. Higinbotham alitumia oskiloskopu, kifaa cha maabara kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, na kwenye oskiloskopu volteji inausukuma mwale moja kwa moja popote unapotaka. Hakuna sinki, hakuna mstari wa kusubiri, hakuna mawimbi ya video. Mtazamaji anaona vitu viwili vinavyofanana. Mhandisi anaona vifaa ambavyo havina undugu. Naye Higinbotham hakuwahi kuomba hataza.

Kabla ya hapo ilikuwa zamu ya Atari. Nolan Bushnell, mwanzilishi wa kampuni hiyo ya michezo, aliiona Odyssey na tenisi yake kwenye maonesho huko California Mei 1972, na mwishoni mwa mwaka huo Pong, mchezo wa Atari unaofanana na tenisi hiyo, ukatoka. Magnavox na Sanders wakafungua kesi 1974 dhidi ya Atari na makampuni mengine. Atari wakapatana na Magnavox mwaka 1976 na kuchukua leseni. Mwaka uliofuata, Jaji John Grady wa Chicago aliwahukumu waliobaki, akaiita hataza ya Baer hataza tangulizi katika fani hiyo.

Sasa jambo ambalo wanaomsifu Baer hawalitaji. Mwaka 1976 aliiona mashine ya Atari iitwayo Touch Me: taa nne na milio, ufuatishe mpangilio ulioonyeshwa. Akaona milio yake ni mibaya. Yeye na Howard Morrison, mbunifu wa vichezeo, wakaunda mchezo wa Simon, iliyotoka 1978 ikiwa na rangi nne na noti nne za tarumbeta ya kijeshi, zilizochaguliwa kwa kuwa zinapatana hata zikipigwa kwa mpangilio wowote. Wakaomba hataza na wakapewa. Mtu yuleyule ambaye mchezo wake wa tenisi ulifuatishwa na Atari alichukua mchezo wa Atari akautengeneza vizuri zaidi. Simlaumu hata kidogo. Hivyo ndivyo fani yetu inavyokwenda: wazo ni la wote, utekelezaji una mwenyewe.

Yapo yanayonisumbua. Odyssey bila mpira ni madoa yanayofukuzana tu, na aliyeleta wazo la doa la tatu lisiloshikwa na mchezaji, yaani mpira, ni Bill Rusch, mwenzake wa Sanders. Ana hataza yenye jina lake, nayo ndiyo iliyobeba uzito katika kesi nyingi. Bill Harrison, fundi wa hukohuko Sanders, ndiye aliyekaa na chuma cha kulehemu mkononi. Leo jina linalotajwa ni moja. Na mmiliki wa hataza hizo hakuwa yeyote kati yao. Alikuwa Sanders, mwajiri. Niliwahi kusaini mkataba wa ajira wenye kifungu cha aina hiyo bila kukisoma, na kitu nilichokiunda usiku nyumbani kikaenda na kampuni. Bado sijui niseme nini juu ya uadilifu wa hilo, maana vipimo na vipuri vilikuwa vyao.

Pia sina uhakika kwamba hataza pana kiasi kile ilikuwa nzuri kwa fani. Makampuni mengine yalilipa mrabaha (malipo kwa mwenye hataza) kwa saketi zilizokwishaachana na transista za Baer, kwa kuwa madai yaliandikwa kwa upana. Kama mwandishi wa maombi, ningejivunia kuyaandika. Kama fundi, sijui.

Kijana wa bahasha alirudi juzi. Wazo lake silitaji hapa, kwa sababu kulitangaza kabla ya kuwasilisha ombi kunaweza kuliua. Alikuwa na daftari la hesabu, lile la miraba, lenye michoro mitatu. Mchoro wa kwanza haufanyi kazi. Wa pili una kosa kwenye ugavi wa umeme. Kwenye wa tatu, kona ya kulia chini, kuna kipande ambacho sijawahi kukiona kwa mtu mwingine. Nimemwambia Jumamosi alete vipuri.