Kwa nini kitabu kipya hakimrudishi masomoni mwanafunzi aliyekata tamaa?

Mwalimu anapomwona mwanafunzi amekaa nyuma ya darasa, daftari tupu na macho dirishani, huwaza kwamba mtoto huyo ni mvivu au hana vifaa. Wazo hilo la pili lilijaribiwa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990, pale shule za msingi za Busia na Teso zilipogawiwa vitabu vya kiada, na matokeo yakawashangaza watafiti, akiwamo mwanauchumi Michael Kremer: kwa wastani, alama hazikupanda. Walionufaika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali, kwa kuwa vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wanafunzi wengi kilikuwa lugha ya tatu, na vilifuata mtaala uliokwisha kuwaacha wenzao nyuma.

Mtoto asiyeweza kusoma sentensi, akifunuliwa ukurasa mzima kila asubuhi, huonyeshwa upya kile asichokiweza, na kimya chake ni namna ya kujisitiri asiaibike mbele ya wenzake.

Shirika la elimu la Pratham, lililoanzia Mumbai, India, lilianza na swali jepesi zaidi: mtoto huyu ameishia wapi? Kila mmoja hupimwa peke yake kwa dakika chache, akisoma herufi, neno, aya, kisha hadithi fupi. Baada ya hapo, kwa muda maalumu kila siku, watoto wa darasa la tatu hadi la tano hupangwa upya kwa kiwango cha kusoma badala ya umri, ili anayejua herufi tu afundishwe maneno, naye akishavuka ahamie kundi linalofuata bila kungoja mwaka uishe.

Kenya nako, mwaka 2005, shule 121 ziliongezewa mwalimu wa darasa la kwanza, na katika takriban nusu yake wanafunzi wakagawanywa kwa uwezo. Hata waliokuwa chini walipanda, pengine kwa sababu mwalimu wao aliweza kuanzia pale walipo. Naelewa hofu ya wazazi kwamba kundi la chini litageuka jina la kudumu, na hofu hiyo ni ya haki mahali ambapo watoto hawapimwi upya.

Mwalimu wa sekondari mwenye wanafunzi sabini anaweza kuanza kila mada kwa maswali matatu ya kazi ya mwaka uliopita, yasiyo na alama, na kufundisha kwanza lile ambalo wengi wamelikosa.