Vipaumbele vya bajeti huamuliwa kabla ya Juni

Wananchi wengi hufuatilia bajeti ya Serikali mwezi Juni, Waziri wa Fedha anapoisoma bungeni Dodoma. Kwa uzoefu wangu wa kazi ya mipango katika halmashauri, ningewasihi waanze Novemba, Bunge linapoketi kama Kamati ya Mipango kujadili mwongozo wa maandalizi ya bajeti, kwa kuwa mwongozo huo na ukomo wa fedha unaoambatana nao, yaani kiwango cha juu ambacho kila taasisi inaruhusiwa kupanga, ndivyo huamua kitakachotangulia na kitakachosubiri.

Kwa utaratibu, mpango huibuliwa kijijini kwa njia ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, mbinu ya wananchi kushiriki kupanga wenyewe, ukapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, baraza la madiwani, mkoa na hatimaye Hazina. Chukua kijiji kilichojenga boma la zahanati kwa nguvu za wananchi hadi usawa wa lenta. Katika mkutano mkuu, kuliezeka ndilo jambo la kwanza, wala hakuna anayebisha. Likifika kwenye kata hukutana na maboma ya vijiji jirani. Likifika halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani imekwisha kutengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na miradi viporo ya mwaka uliotangulia inadai fedha zake. Pengine kinachobaki kinatosha kuezeka jengo moja. Mengine huandikwa kama maombi maalumu, yaani nje ya ukomo, na humo mengi hukwama.

Mambo yakishafika bungeni, nafasi ya kuyabadili ni finyu. Mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia fungu hilo lisipitishwe, ili apewe maelezo, lakini ibara ya 99 ya Katiba haimruhusu kuongeza matumizi pasipo pendekezo la Rais lililowasilishwa na waziri. Na ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti.

Vipo pia vipaumbele vinavyoshuka kutoka juu, kama elimu bila ada iliyoanza Januari 2016, katikati ya mwaka wa fedha. Naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa watoto, ingawa halmashauri zililazimika kutafuta madawati na madarasa ambayo hazikuyapangia.

Ndiyo maana namshauri mwananchi ahudhurie mkutano wa kijiji wa kati ya Oktoba na Desemba, aulize ukomo wa halmashauri ni kiasi gani, na kama mradi wa kijiji chake umewekwa ndani ya ukomo huo au kwenye maombi maalumu.