Nembo ya mistari michache si kazi ya uvivu

Kwenye steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, mteja akiona nembo yenye nafasi nyeupe humwambia msanifu: "Kaka, mbona umeacha patupu? Weka mlima, weka na kahawa." Anaamini kuwa kichache ni rahisi. Si kweli.

Itazame nembo ya MIT Press, shirika la vitabu la chuo kikuu cha MIT, Marekani, aliyoisanifu Muriel Cooper miaka ya 1960: mistari 7 ya wima, mmoja umepanda, mmoja umeshuka. Ni migongo ya vitabu rafuni, na papo hapo ni herufi m, i, t, p. Ongeza mstari wa nane, herufi zinaharibika. Ugumu uko hapo. Wengi wanaijua nembo hiyo bila kumjua mama huyu, na inaniuma. Chora hivyo, gunia la mchele wa Kyela litatambulika hata kwa rangi moja.