Elastini: nyuzi zinazorudisha mapafu, ngozi na mishipa mahali pake

Elastini ni nini?

Ni protini. Mwili huifuma pamoja na protini nyingine, fibrilini, ikawa nyuzi zinazovutika na kurudi kama mpira tunaofungia mizigo kwenye baiskeli. Kolajeni, protini nyingine iliyo imara, huzuia kiungo kisichanike, elastini hukirudisha. Iko kwenye ngozi, mapafu na hasa aota, mshipa mkubwa unaotoka moyoni. Moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Kila pigo aota hutanuka, kisha hujikaza na kuendelea kusukuma damu moyo unapojaa tena.

Ikiharibika, mwili hutengeneza nyingine?

Kidogo sana, tena haifumwi vizuri. Sehemu kubwa hutengenezwa tumboni mwa mama na utotoni.

Moshi unaidhuru?

Wa sigara, ndiyo. Huita chembe nyeupe za damu mapafuni, nazo humwaga kimeng'enya kinachokata nyuzi hizo. Vifuko vya hewa hulegea, na mtu huishiwa pumzi akipanda tu kilima cha Kadutu, mjini Bukavu. Kilichoharibika hakirudi, lakini kuacha sigara hupunguza kasi. Moshi wa kuni na makala nao hudhuru mapafu: mama, washa mbabula (jiko la makaa) nje, na usilale nayo chumbani kamwe.

Dada yangu hupaka pomade yenye elastini. Inasaidia?

Hulainisha ngozi juu juu tu. Molekuli ya elastini ni kubwa mno kupenya ndani. Kinachoniuma ni pomade za kujichubua. Nyingi zina dawa kali za steroidi kama klobetasoli, inayodhoofisha kolajeni na elastini: ngozi huwa nyembamba, michirizi hubaki, vidonda huchelewa kupona. Aliyezitumia muda mrefu asiache ghafla, ngozi inaweza kuwaka vibaya. Amwone dokta ampangie namna ya kupunguza.

Mjomba alikuwa mrefu sana, vidole virefu, akafa ghafla akiwa kijana. Tuogope?

Mpimwe. Huenda ni ugonjwa wa Marfan, uliopewa jina la daktari Mfaransa Antoine Marfan aliyeueleza mwaka 1896. Hutokana na hitilafu katika jeni ya fibrilini, kwa mtu 1 hivi kati ya 5,000. Si kila mrefu anao, na hakuna aliyemroga mjomba. Mzazi mwenye ugonjwa huo anaweza kumrithisha kila mtoto, nusu kwa nusu. Aota hupanuka polepole bila maumivu, halafu inaweza kupasuka. Ombeni ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) ya moyo: ikionekana mapema kuna dawa, na upasuaji ikibidi. Maumivu makali ya kifua yakitokea ghafla na kwenda mgongoni, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.